Kijitabu cha Mama John: shajara ya katibu

Machi, Jumamosi ya kwanza

Mvua imetukuta tena. Karakana ya fundi seremala hapa mtaa wa Mama John, Mbeya, haina dari, ni bati tupu, kwa hiyo ikinyesha kila anayesoma inambidi apaze sauti kama mpiga debe wa Kabwe. Shairi la mapenzi likisomwa hivyo linakuwa tangazo la basi. Tumecheka, tumesogeza mabenchi karibu na jiko la maranda, tumeendelea.

Leo tulitimia wote kumi na wawili, na jambo tulilolizungusha tangu mwaka jana limeamuliwa: tunatoa kijitabu. Hadithi na mashairi yetu wenyewe, kichapwe kwenye steshenari yangu pale Mafiati, kiwe mkononi kabla ya Nane Nane. Mchango ni shilingi 10,000 kila mtu. Ukatibu nimepewa mimi kwa sababu nina kompyuta na mashine ya kopi, wala nisijidanganye kuna sababu nyingine.

Niandike tuko akina nani, maana mwakani nitakuwa nimesahau tulianzaje. Fundi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, anaandika mashairi kwa penseli ya useremala nyuma ya risiti za mbao. Mwalimu amestaafu, ni mtu wa Pangani, alipangiwa kazi huku akiwa kijana, akaoa kwa Wasafwa, bahari akaiacha hukohuko. Mama wa mikanda ni Mndali wa Ileje, ana kizimba Mwanjelwa. Mzee wa reli alifanya kazi TAZARA tangu inajengwa. Dada muuguzi ni Mbaluchi wa Rujewa, sura ya Kiasia. Watu wasiomjua wanamsalimia kwa Kiingereza, naye anawajibu kwa Kisangu, kisha anawaangalia wanavyohangaika. Kuna dereva wa bajaji, Mmalila, na kijana anayesoma uhandisi pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Waliobaki wanakuja wiki wakipenda. Mimi baba yangu Mkinga, mama Mnyiha, nimezaliwa Mbozi, na lugha pekee ninayoweza kuiandika bila aibu ni Kiswahili.

Machi, Jumamosi ya tatu

Watu saba. Hakuna aliyeleta kitu kipya isipokuwa dereva wa bajaji, na cha kwake kiko kwenye simu ambayo haina chaji. Tumekunywa chai tukaondoka.

Aprili, Jumamosi ya pili

Fundi alisoma shairi lake la mbao. Mwalimu alikuwa amefumba macho, vidole vinacheza juu ya goti. Sisi tunaomjua tunajua anafanya nini: anahesabu mizani, yaani silabi. Shairi likaisha, watu wakapiga makofi, Mwalimu akafumbua macho.

"Fundi, mshororo wa kwanza wa ubeti wa pili. Urudie."

Fundi akarudia: *Mbao haina mdomo, lakini inasema.*

"Kipande cha kwanza kina mizani nane. Cha pili kina saba. Umepunja." Akahesabu kwa vidole mbele yetu: la, ki, ni, i, na, se, ma. Kweli, saba. Akapendekeza hapohapo: *lakini huwa yasema*. Nane kamili.

Fundi akaitazama ile mbao aliyokuwa ameikalia, kama vile anaiuliza. "Mwalimu, shikamoo yako naipokea kinyume," akasema, na watu wakacheka kwa sababu ndivyo anavyoanza akitaka kubisha. "Lakini mimi sijawahi kusema 'huwa yasema' tangu nizaliwe. Nikiandika hivyo wateja watadhani nimeokoka."

Kijana wa chuo akadakia kwamba mizani yenyewe ya nini, yeye haandiki kwa vina wala mizani na hajafa. Hapo tulipoteza nusu saa. Ugomvi huu umetuzidi umri: tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, watu wazima wamerushiana maneno magazetini na vyuoni kuhusu kama shairi lisilo na vina ni shairi. Sisi tusingeumaliza kwenye karakana. Nilichoandika kwenye kumbukumbu ni hiki: kila mtu atahukumiwa kwa kanuni aliyoichagua mwenyewe. Anayesema anaandika mizani kumi na sita, tutamhesabia kumi na sita. Anayesema haandiki, tusimhesabie.

Fundi kasema yeye anaandika kumi na sita. Amerudi na risiti yake mfukoni, uso umenuna.

Aprili, Jumamosi ya tatu

Fundi kafika wa kwanza, kabla hata ya mimi kukaa:

*Mbao haina mdomo, igonge utasikia.*

Mwalimu hakuhesabu. Alisimama akampa mkono. Nimehesabu mimi baadaye dukani, ni nane kwa nane. Halafu ndivyo mafundi wanavyofanya kweli. Nimemwona mara nyingi akigonga mbao kwa kifundo cha kidole kabla hajamlipa mwenye lori, anasikiliza kama imeoza ndani.

Bila ile mizani moja iliyopungua asingeupata mstari huu. Sikumwambia kijana wa chuo.

Mei, Jumamosi ya kwanza

Leo pamechafuka, na sehemu ya kosa ni langu.

Mama wa mikanda hapendi kuandika. Anasimulia, kijana wa chuo anarekodi kwa simu, kisha anaandika vilevile alivyosikia. Hadithi yake ni ya moto wa Mwanjelwa wa mwaka 2006, soko lilipoteketea. Mimi ndiye niliyempa Mwalimu karatasi zile "azipitie kidogo". Sikumwambia mipaka. Mwalimu akipewa kalamu nyekundu bila mipaka ni kama kumpa mbuzi ulinzi wa shamba la mahindi.

Alichosimulia mama ni hiki:

"Nilikuta moshi umeshajaa vichochoro. Nikashika kiroba cha kwanza kilichokuja mkononi, nikajitwika, mbio mpaka Kabwe. Najua ni nguo za watoto, ndizo zilikuwa zinatoka. Nafungua, mwe! Mikanda tupu."

Kilichorudi kutoka kwa Mwalimu:

"Nilipowasili, nilikuta moshi umetanda katika vichochoro. Nilikichukua kiroba kilichokuwa karibu nami na kukimbia nacho hadi Kabwe, nikidhani kuwa kilikuwa na nguo za watoto. Nilipokifungua, nilishangaa kuona kuwa kilikuwa na mikanda mitupu."

Dada muuguzi ndiye aliyesoma kwa sauti. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono imefumbatwa kwenye kitenge.

"Aliyeongea hapo si mimi," akasema. "Huyo ni mtu wa taarifa ya habari. Nyumba ya jirani yake imeungua, yeye anatangaza."

Mwalimu akaanza kueleza, kwa upole kabisa, kwamba *-tupu* ni kivumishi na huchukua kiambishi cha ngeli: kitu kitupu, maji matupu, mikanda mitupu.

"Mwalimu, mkanda unakuwaje mtupu? Ulikuwa na nini ndani kabla haujawa mtupu?"

Watu walicheka, na nadhani hicho ndicho kilichoharibu, kwa sababu mama hakuwa anachekesha. Alikunja karatasi zake mara nne akazitia kwenye mkoba. Kabla hajatoka akageukia hadithi ya Mwalimu mwenyewe, ile ya babu yake mvuvi, tuliyoisoma wiki iliyopita.

"Humo mmeandika 'demani'. Mimi sijui demani ni nini. Dereva naye hajui. Mbona hiyo hakuna aliyeisahihisha?"

Akaondoka. Na kweli. Wiki iliyopita tulipofika kwenye upepo wa demani tulitikisa vichwa wote kama watu waliozaliwa ndani ya ngalawa. Neno la pwani usipolijua unaona haya, unakwenda kulitafuta kwenye kamusi. Neno la Ileje au la Mwanjelwa usipolijua unalikata. Mimi nimefanya hivyo dukani miaka tisa, nikichapa barua za watu.

Mei, Jumamosi ya pili

Mama hakuja. Mwalimu pia hakuja. Fundi kasema bora tuahirishe, tukaahirisha. Nimerudi dukani, nikakuta foleni ya wanafunzi wa kutoa kopi za vyeti.

Mei, Jumamosi ya nne

Wamekuja wote wawili, kwa bajaji moja.

Nimepata habari kwa dereva, maana wenyewe hawakusema kitu. Jumatano Mwalimu alikwenda Mwanjelwa, akatafuta kizimba mpaka akakipata, akanunua mkanda. Halafu akaomba kigoda. Alikaa pale tangu saa nne mpaka adhuhuri, mama anauza huku anasimulia, na safari hii akasimulia hadi kule ambako hakufika alipokuwa anarekodiwa. Kwamba mikanda ile ndiyo iliyokuwa mtaji. Kesho yake aliitandaza chini barabarani, juu ya kiroba chenyewe, akauza yote kwa siku tatu kwa sababu wenzake wote wenye mikanda walikuwa wameunguliwa. Nguo za watoto hakurudia tena. Alipohamia soko la SIDO pamoja na wafanyabiashara wengine alikuwa tayari anaitwa jina hilo, mama wa mikanda. Moto ukawafuata hata kule SIDO, lakini hilo kasema ni hadithi nyingine na hajaamua kama ataitoa.

Mwalimu kaleta maandishi mapya. Ameyaandika kwa mkono, hati ileile ya ubaoni. "Mwe!" ipo. "Mikanda tupu" ipo. Alichogusa ni nukta, mkato, na pale kijana wa chuo alipoandika "kilicho kuja" kama maneno mawili.

Kisha akatuambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alipoanza shule, Kiswahili cha kwao kilikuwa Kimtang'ata, na mwalimu wake alikuwa anamchapa kwa kila neno lisilo la kitabuni. Kiswahili sanifu kilitokana na Kiunguja. Kamati ya kukisanifisha iliundwa mwaka 1930, na kwa mtoto wa Pangani hicho nacho kilikuwa cha kujifunza. "Kwa hiyo hata mimi nilifika huku nimeshanyooshwa," akasema. Mama akamwuliza kwa Kimtang'ata walikuwa wanasemaje "mikanda tupu". Mwalimu akafikiri, akasema hakumbuki. Hakuna aliyejua amjibu nini.

Kanuni mpya, nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: mhariri anarekebisha tahajia na alama za uandishi; neno likimkwaza, anamwuliza mwenye nalo kabla ya kushika kalamu. Na "demani" imebaki ilivyo. Dereva wa bajaji sasa analitumia kila mahali, vibaya.

Juni, wiki ya pili

Baridi. Asubuhi ukungu umeshuka mpaka hatuoni mlima Loleza, na mimi nachapa nimevaa glavu zilizokatwa vidole.

Shairi la fundi la Kinyakyusa limeniweka siku mbili. Tulikubaliana liingie kwa lugha yake, tafsiri iwe ukurasa wa pili. Tatizo ni kwamba Kinyakyusa kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Zile mbili za ziada kuna wanaoziandika kwa *i* na *u* zilizopitishwa mstari katikati, ɨ na ʉ, na kibodi yangu haina. Nimejifunza kuzitoa kwenye orodha ya alama, moja moja, nakili, bandika. Nilipoona nachoka nikamwambia fundi tuweke *i* na *u* za kawaida, watu wataelewa. Akaniuliza kama Mwalimu aliniruhusu. Nikarudi kubandika.

Dada muuguzi kaleta hadithi fupi kuliko zote, kurasa mbili, kuhusu bibi anayekataa kutaja kabila lake kwa karani anayeandikisha wagonjwa. Haihitaji kuguswa hata nukta. Wapo watu wa namna hiyo, wanaudhi.

Juni, wiki ya nne

Hesabu ya kurasa. Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inatoa kurasa nne za A5. Kijitabu cha kupigwa pini mgongoni ni lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, la sivyo unabaki na kurasa nyeupe mwishoni kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Tulikuwa na 70 pamoja na yaliyomo, nikapanga 72, karatasi 18. Nzuri.

Ndipo Mzee wa reli akatoa kurasa tatu kutoka ndani ya koti.

Mzee hajaleta kitu tangu Machi. Anakuja, anasikiliza, anakunywa chai, anaondoka. Hadithi yake ni ya kipande cha Mlimba hadi Makambako, kule ambako reli inapanda milima kwa mahandaki na madaraja. Reli nzima, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na yeye alikuwa kijana wa kubeba mataruma. Hakuandika habari za mahandaki. Kaandika kuhusu chupa ya chai ya Mchina mmoja waliyekuwa zamu moja. Mzee na wenzake walikuwa wanaitamani ile chupa wiki nzima, wakiamini ndani mna chai ya maziwa. Siku aliyokaribishwa akanywa: "Kumbe ni maji ya moto matupu."

Alipofika hapo, Mwalimu alimtazama mama wa mikanda bila kusema neno. Mama akasema, "Hayo sawa. Maji yanaweza kuwa matupu." Sijawahi kuona Mwalimu akicheka mpaka akatoa leso.

Sabini na tatu. Ama nipande hadi 76, ama nikate ukurasa mmoja. Kupanda maana yake karatasi 19 kwenye pini moja, na kadiri zinavyoongezeka zile za katikati zinajitokeza nje, ukizipitisha kwenye gilotini ukingo wa maneno unaliwa. Tulibishana saa mbili nani atoe ukurasa. Mwishowe nikasema tuondoe utangulizi wangu. Hakuna aliyepinga, hata kwa adabu.

Julai, wiki ya kwanza

Mama kauliza hadithi ikishachapwa inakuwa ya nani. Nimesoma sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999: kazi ni ya aliyeitunga tangu pale alipoitunga, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo kila hadithi ni ya mwenyewe, kikundi kimeruhusiwa tu kuichapa mara hii. "Miaka hamsini nikiwa nimekufa," mama kasema. "Basi wajukuu watauza mikanda na maneno."

Namba ya ISBN, ile ya kutambulisha vitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Dar es Salaam. Kwa nakala 60 tumeona tutangulie bila hiyo. Tukichapa toleo kubwa tutaiomba. Kijana wa chuo hakufurahi, alishachora pale itakapokaa.

Julai, wiki ya tatu

Nimeharibu. Nakala kumi za kwanza nimezitoa usiku, umeme ulikuwa unakatika na kurudi, nikaweka karatasi upande wa pili bila kuangalia mashine imepangwa kugeuza kwa ukingo upi. Asubuhi nafungua: ukurasa mmoja umesimama, unaofuata miguu juu. Karatasi 180 zimekwenda na maji. Mchango hautoshi tena, nimeziba kwa pesa ya duka na sijamwambia mtu isipokuwa daftari hili.

Fundi kazichukua zile mbovu, kasema atawashia jiko la gundi. Nimemkuta Jumamosi anazisoma, anageuza kitabu juu chini kila ukurasa.

Agosti, Nane Nane

Hatukuweza kulipia banda kwenye viwanja vya John Mwakangale. Jamaa wa dereva anayeuza mbegu za viazi katupa pembe ya meza yake. Watu walikuwa wengi, vumbi jingi. Wengi walifungua kijitabu, wakatafuta ndani bei ya mbegu, wakakirudisha. Tumeuza nakala tisa kwa shilingi 3,000. Mama mmoja mtu mzima alisoma shairi la Kinyakyusa palepale amesimama, midomo inacheza, akafunga, akasema "ndaga", yaani asante, akaenda zake bila kununua. Fundi kasema huyo tumhesabu wa kumi.

Agosti, wiki ya tatu

Nimepita Mwanjelwa kuchukua hesabu. Mama alichukua nakala kumi na mbili. Amezitoboa pembeni kwa kile kitoboleo chake cha mikanda, akazitia uzi, akazining'iniza kwenye msumari mmoja na mikanda ya ngozi. Nilitaka kulalamika kuhusu matundu, nikanyamaza.

Kijana mmoja akasimama, akashika kijitabu. "Hiki bei gani, mama?"

"Elfu tatu. Fungua ukurasa wa ishirini na mbili, hapo nipo mimi."

Kijana akafungua, akasoma amesimama katikati ya njia, watu wanampita kwa mabega. Akacheka peke yake, nikajua amefika wapi. Kisha akauliza mkanda mweusi ni shilingi ngapi.

Mauzo ya kizimbani wiki hii: vijitabu 4, mikanda 11.